Namna ya Kujenga Programu Watu Wataitumia: Niliyojifunza Gatini Lamu

Daftari lilikuwa la kurasa 200, jalada lake la buluu limelowa petroli na kugandwa na magamba ya changu. Mwenyewe, tajiri wa samaki, yaani mwenye kununua samaki kwa wavuvi, ninayemjua tangu ningali mtoto wa chuoni, hakukubali nilichukue nyumbani. "Mwanangu, lisome papa hapa," akaniambia. "Hili ndilo duka langu." Basi nikakaa juu ya sanduku lake la barafu siku tatu, tangu mashua za alfajiri zikiingia mpaka adhuhuri, nikilisoma mstari kwa mstari.

Kabla ya hapo nilikuwa Nairobi. Niliingia kampuni moja ya malipo ya simu nikipokea malalamiko ya waliotuma pesa nambari siyo, nikatoka miaka tisa baadaye nikiwa mkuu wa bidhaa, watu 40 wakiniangalia mimi nisemeje. Sasa niko Langoni, mtaa wa Lamu, nyumba ya marehemu nyanya yangu, na timu ya watu sita huko juu ambako mamangu alikuwa akianika nazi. Tunatengeneza programu ya kuandikia samaki: kilo, bei, deni, mgao wa mabaharia, malipo. Hatujaipa jina la maana. Watu wenyewe waiita daftari, nasi tumekubali.

Vijana huniuliza waanzie wapi. Nitaeleza ninavyofanya mimi, pamoja na pale nilipovurunda, maana pale ndipo penye faida.

Tafuta programu iliyopo tayari

Watu unaotaka kuwajengea hawakukaa bure wakikungoja. Programu wanayo. Imo daftarini, imo kwenye karatasi ya sigara iliyokunjwa mfukoni mwa nahodha, imo kichwani mwa mkewe ambaye ndiye hasa ajuaye nani anadaiwa nini. Itafute hiyo kabla hujachora skrini hata moja.

Ukishaipata, usiisome kama msomaji wa gazeti. Shika kila safu na kila alama uulize maswali manne. Hii ni nini? Nani huiandika? Nani huisoma? Na ikikosewa, nani huumia? Watu wengi huishia swali la kwanza. La nne ndilo litakalokuonyesha programu yako ifanye nini.

Mimi mwenyewe, na miaka yangu tisa, nilishindwa hapa. Daftari la tajiri lilikuwa na safu nne: siku, chombo, kilo, shilingi. Pembeni mwa mistari fulani palikuwa na kialama kama ndoana ndogo. Nikakisia kuwa ni alama ya "imelipwa", sikuuliza. Tukatoa toleo la kwanza bila ndoana. Tulikuwa tumemwomba nahodha aandike idadi ya ndoo kabla hajashuka, kisha programu ilinganishe na kilo za mizani. Wiki ya pili akanijia nahodha mmoja mtu mzima, rika la ami yangu, simu kaishika kwa vidole viwili kama kitu kilichooza. Hakunisalimu.

"Programu yako yaniita mwizi."

Nikaangalia. Kweli, jina la chombo chake, na mbele yake neno PUNGUFU kwa herufi nyekundu, siku tano mfululizo. Ndoana, kumbe, ilikuwa kitoweo: samaki ambao mabaharia huwatoa wa kupeleka nyumbani kabla ya kufika mizani. Gati zima lajua. Tajiri ajua, na ndiyo sababu huchora kindoana badala ya kuandika kilo, kwa kuwa kitoweo hakipimwi. Kukipima ni kumhesabia mtu mlo wa watoto wake. Nikamwomba radhi pale pale, kisha nikamfuata nyumbani baada ya isha nikamwomba tena mbele ya mkewe. Toleo la pili lilikuwa na kitufe cha kitoweo. Ukikibonyeza hakikuulizi kiasi.

Hata M-Pesa yenyewe ilipita njia hii. Majaribio yalipoanza mwaka 2005, nia ilikuwa kuwarahisishia watu kulipa mikopo midogo midogo. Waliopewa wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakiisimamia wangeweza kusema watu hawa hawajaelewa, tuwafundishe. Hawakufanya hivyo. Walitazama wanayoyafanya, wakapunguza mambo, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Mkopo wa M-Shwari haukuja mpaka mwisho wa 2012. Miaka mitano na zaidi. Mimi katika ile kampuni ya Nairobi nilikaa miezi 11 nikijenga huduma ya mkopo ambayo hakuna mteja aliyetuomba. Tuliiomba sisi wenyewe, kikaoni, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Ilikufa kimya kimya, na hakuna aliyeandika tanzia.

Hesabu kwa saa za watu, si za seva

Ripoti yetu ya kwanza ilianza tarehe mosi ikaisha tarehe 30. Ilikuwa nzuri, ina michoro ya rangi. Tajiri akaivaa miwani, akaitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Sasa hii yanambia nini?"

Kwa matajiri ninaowahudumia, hesabu hufungwa bamvua, yaani siku za maji makubwa ya bahari, likiisha. Bamvua huja mara mbili katika mwezi mwandamo, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na katikati yake ni maji mafu. Mwezi wa kalenda huweza kubeba mabamvua mawili kamili, au moja na vipande viwili vilivyokatwa mwanzoni na mwishoni. Kwa hiyo mchoro wetu ulipanda na kushuka kwa sababu ya kalenda, samaki hawakuhusika. Tukaufuta. Sasa programu yafunga hesabu kwa bamvua, na kila mtu huilinganisha na bamvua la nyuma bila kuuliza.

Hilo likanipa pia kipimo changu. Usiwahesabu waliojisajili. Kujisajili ni adabu tu; mtu wa Lamu ukimwomba jambo dogo mbele za watu hakunyimi. Hesabu aliyerudi bamvua la pili, wewe hupo, hujamkumbusha. Mwaka wetu wa kwanza waliojisajili walikuwa 118, na waliorudi mabamvua mawili mfululizo walikuwa 31. Nilipokwenda kwa waliotupatia fedha za kuanzia, mmoja wao akanishauri niandike 118 kwanza, 31 niziweke chini huko. Nikaziandika 31 peke yake. Kikao kilikuwa kizito, sikwambii kilikuwa kizuri. Lakini tangu siku ile timu yangu yajua nambari ipi ndiyo nambari, na hakuna anayeniletea nyingine ya kunifurahisha.

Kipimo chako sharti kiendane na shughuli ya watu wako. Ukiwajengea akina mama wauzao mahamri, ni asubuhi kwa asubuhi. Ukiwajengea walimu wa madrasa, Ramadhani itakuvuruga usipoitenga.

Punguza mpaka iume

Toleo la kwanza lilimwuliza mtu maswali saba. La leo lauliza mawili: chombo gani, kilo ngapi. Mengine programu yayajua au yanangoja.

Hatukufika hapo kwa hekima, tulifikishwa na simu za watu. Wengi gatini watumia mulika mwizi, ile ya vitufe yenye tochi, kwa sababu ikiangukia majini hulii. Kwa hiyo twatumia menyu ya nyota na reli, ya aina ile ya kupiga *334# ya M-Pesa. Ujumbe wake mmoja hubeba herufi 182 basi, nafasi na nukta zikiwemo. Mtandao ukisita, yakatika na mtu aanza upya. Kila swali unaloongeza ni nafasi nyingine ya kukatika. Nimekuja kuipenda dhiki hii. Kila kijana anayejiunga nasi humtaka aandike wazo lake ndani ya herufi 182 kabla hajanieleza kwa mdomo. Wengi hugundua wenyewe kwamba wazo halikuwa moja, yalikuwa matatu yamefungwa kanga moja.

Kujaribu nako kuna namna yake. Mpe simu mtu ambaye mikono yake ina ute wa samaki, jua liko utosini, na nyuma yake kuna mwengine anamhimiza aondoe ndoo. Simama kando. Usinene. Ukisema hata "bonyeza hapo" tu, jaribio limeharibika, rudi siku nyingine. Kunyamaza huku ndiko kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na walioniona nikikua watakwambia hivyo.

Na maneno, yachunge. Tuliandika "Wasilisha", mzee mmoja akauliza ni nani anayewasili. Tukaweka "Tuma". Tuliandika "Salio", watu wakadhani ni pesa zao zilizobaki, kumbe lilikuwa deni. Hili lilizua kelele mbili kabla sijalibadilisha kuwa "Wadaiwa". Usitafsiri kutoka programu nyingine. Kaa chini ya mwembe au barazani usikilize watu wanaliitaje lile jambo wakiwa wamekasirika. Neno hilo ndilo lao.

Mkanda na bahari wazi

Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, aliwahi kuwaandikia wenye hisa kuhusu maamuzi yaliyo kama milango: mingine ukiingia huwezi kurudi, mingine waingia na kutoka upendavyo. Wazo ni jema. Ila vijana wangu nikiwatajia milango wanafikiria nakshi. Nikawaambia Mkanda.

Asiyepajua, Mkanda ni mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, njia ya kwenda Pate. Zamani ulipitika maji yakiwa yamejaa tu. Ukiingia maji yanatoka, chombo kilikaa kwenye tope, nawe ulikaa nacho ukitazama mikoko mpaka maji yarudi. Saa sita, saa saba, na abiria wote wakikutazama. Bahari ya wazi si hivyo: ukiona upepo mbaya wageuza tanga.

Mpangilio wa maswali, saa ya kutuma ujumbe, hayo ni bahari wazi. Kwenye hayo nimewakataza watu wangu kuniuliza. Mwenye kazi aamue siku hiyo hiyo. Akikosea, kesho ageuze tanga. Mwanzoni hawakuniamini. Msichana wetu wa programu, aliyetoka Mpeketoni, alinijia mara nne kwa siku na "Bi Mkubwa, waonaje?" Nikawa namjibu, "Wewe waonaje?" mpaka akachoka nami.

Mambo ya Mkanda ni machache. Letu la kwanza lilikuwa hili: je, tushike pesa za watu? Yaani tajiri atuwekee sisi, nasi tumgawie baharia. Lilivutia, kwa kuwa penye pesa zilizolala pana faida. Lakini kushika pesa za watu kwaingiza mtu kwenye sheria ya mifumo ya malipo ya 2011 na mikononi mwa Benki Kuu, na zaidi ya hapo kwaingiza kwenye midomo ya watu. Siku seva ikilala, mabaharia 200 watasema nimekula jasho lao. Tukaamua pesa zitoke kwa tajiri moja kwa moja hadi simu ya baharia. Sisi twaandika tu. La pili lilikuwa data ni ya nani. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, isome yote hata kama una watu kumi tu. Sisi tuliongeza letu juu yake: tajiri haoni deni ambalo baharia analo kwa tajiri mwengine. Mara tatu nimeombwa nilifungue hilo, mara moja kwa bahasha. Lingefunguliwa siku moja lisingefungika tena.

Jambo likiwa la Mkanda, mwenye kulileta huandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, tunalala nalo siku mbili, kisha twakutana. Dakika kumi za mwanzo hakuna anayesema, kila mtu anasoma. Hii nayo nimeiazima Amazon, ambako tangu 2004 wakubwa waliacha kuonyeshana slaidi vikaoni wakaanza kuandikiana kwa aya. Vijana walinicheka, walisema ni kama mtihani wa darasa la nane. Ninang'ang'ania Kiswahili kwa sababu ya ujanja mmoja: kwa Kiingereza cha ofisini mtu aweza kujaza ukurasa na asiseme kitu. Akitakiwa amweleze mamake, uongo wafichuka kwenye mstari wa pili.

Likiharibika, nani asimame gatini

Msimu mmoja wa kaskazi, biashara imechangamka, tulitoa toleo jipya usiku wa kuamkia Ijumaa. Nirudie: usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla sijasafiri kwenda Malindi harusini. Aliyeandika kile kipande cha mizani alikuwa kijana wetu mdogo kuliko wote, na badala ya kuweka nusu kilo ilivyo, programu ikawa yaikata. Samaki wa kilo 7.5 akaandikwa 7. Kwa bei ya shilingi 300, mtu aliyestahili 2,250 akapata 2,100. Shilingi 150 si nyingi, ila ni unga na mafuta ya kupikia ya watu.

Niligundua Jumapili, harusini, sahani ya biriani mapajani, simu inalia. Mizani 41, yaani mara 41 za kupima, zilikuwa zimepita hivyo.

Hapa ndipo uongozi ulipo, na sikuusoma popote. Nilipanda basi la alfajiri. Timu ilinitaka tutume ujumbe wa kuomba radhi kwa simu, kisha tajiri arekebishe bamvua likiisha. Nikakataa. Tulichapisha orodha ya mizani zote 41, ya zamani na sahihi kando kwa kando, nikatoa pesa taslimu benki, shilingi 5,870 kwa jumla, nikasimama gatini siku mbili nikimlipa kila mtu mkononi mbele ya wenzake. Kwa mfuko wa kampuni, si wa tajiri. Nilisema, "Mimi ndiye niliyeharakisha." Yule kijana alikuwa ameomba akae nyumbani siku hizo. Nikamwambia aje, abebe orodha, asome majina. Jina lake halikutajwa. Watu walimwona tu kama kijana anayerudisha pesa, na mpaka leo wanampa samaki wa bure.

Wengine walinitukana. Mzee mmoja alihesabu noti zake, akanirudishia shilingi 20 kwa kuwa alisema nimemzidishia, na kweli nilikuwa nimemzidishia.

Baada ya hapo tuliandika sheria mbili tu. Hatutoi toleo Alhamisi wala Ijumaa, wala ndani ya siku tatu za bamvua. Na kila toleo linalogusa kilo au shilingi hupimwa kwanza kwa mizani halisi, samaki halisi, watu wawili, kalamu mkononi. Sheria ya tatu ilipendekezwa, ya kumtaka kila mtu asaini fomu. Niliichana. Fomu hizo nilizijaza miaka tisa na hazikuwahi kukamata hata nusu kilo.

Kuhusu kuajiri sina mengi. Mtazame mtu anavyomsalimu mpagazi wa punda akipishana naye kichochoroni. Mengine hufundishika. Na kila mmoja wa watu wangu hutembea nami mara moja kwa wiki, baada ya alasiri, kufuata ukuta wa bahari kuelekea Shela. Tukienda anasema yeye, tukirudi nasema mimi. Nimegundua watu husema kweli zaidi wasipotazamana usoni. Kusi likivuma, vyombo vingi vimelala na mapato yetu yamekauka, ndipo ninapotembea nao mara mbili, kwa kuwa ndipo barua za kazi za Nairobi huanza kuwafikia. Mishahara ya kusi tunaiweka kando wakati wa kaskazi. Lililotufundisha hilo ni kusi la kwanza, nilipouza bangili mbili.

Sasa juu ya meza yetu kuna ukurasa mmoja kuhusu Kizingitini, kisiwani Pate. Wanatuita. Huko kazi kubwa ni kamba wa mawe, na sijui bado wanawaandikaje: kwa kilo, kwa mmoja mmoja, au kwa njia nyingine ambayo nikikaa hapa Langoni sitaiota. Msichana wa Mpeketoni ndiye aliyeandika ukurasa, na mwisho wake kaandika kwamba simu na kompyuta zibaki Lamu. Keshokutwa maji yanajaa alasiri saa kumi. Tutang'oa nanga saa tisa, tupite Mkanda, tulale huko, na alfajiri tuwe pwani vyombo vikiingia. Nimenunua kalamu mbili, na biskuti za kumpa mwenye daftari.